Shimo la Herufi K

…labda miwani hii ya kijani ndiyo inayomdanganya Zulekha, akaipandisha kwenye paji la uso, mguu umesimama juu ya pedali ya mashine ya leza bila kuikanyaga, akapitisha kidole tena ubavuni mwa injini ya pikipiki aliyoletewa, maana palipopigwa tupa palikuwa laini kama sahani, ila katikati tupa haikufika chini, kulibaki kishimo, kirefu kwenda ndani, kingo zake zimeungua… "Madam, toa tu hiyo namba ya engine alafu uweke hii yangu," alisema mteja, Hillary alisema ndilo jina lake, kijana mpole, kasimama mlangoni kauzuia mwanga wa mtaa wa Kitale, "si ni kitu ya dakika mbili bana," na Zulekha akaitikia ndiyo, ndiyo, kidole hakitoki kishimoni, kwa sababu kishimo kile alikichimba yeye, wiki mashine ya leza ilipofika, kabla hajazoea kuchonga majina kwenye sufuria za akina mama, Sufian kaka yake akaleta pikipiki mwenyewe, jifunzie hapa, dada, andika Khairunisa, nitembee na jina la mtoto wangu, naye akausahau mwanga mahali pamoja, mwanga usioonekana, unaopiga na kuacha, unapiga na kuacha, kasi isiyohesabika, na kwa kila pigo chuma kikayeyuka, kikachemka, kikatoka moshi, mpaka ile K ikawa kisima, Sufian akacheka, ati umenitobolea injini… Sufian aliyebeba abiria kwenda Bungoma akaokotwa njiani, Misikhu, amekufa ndani ya miwa, mikono imefungwa nyuma, pikipiki haipo, na mkewe Aaliyah hadi leo anauliza kila mtu, alilia? kuna aliyemsikia?… "Na hiyo shimo pia uzibe," alisema Hillary, aizibe na nini, mwanga huu hauzibi, unakula tu, na kama kijana alinunua kwa mtu mwingine, mbona basi anachungulia barabarani, mbona mlango ameurudisha nusu, tazama mikono yake, safi, kucha zimekatwa, ndiyo hiyo iliyomfunga?… nguvu kamili itaila namba yote, itamuua Sufian mara ya pili kwa mguu wa dada yake, na akikataa mtu huyu ataondoka na injini, au hataondoka kabla hajamnyamazisha na yeye… lakini nguvu ikishushwa, mwanga hubabua ngozi tu, huacha weusi wa kumridhisha mwenye haraka, na chini yake namba iliyogongwa kiwandani hubaki, wapelelezi wenye dawa zao huifufua, injini itatembea mjini ikiwa bado ya Sufian, na namba ile Zulekha anaijua kwa moyo, aliisoma mara ngapi kwa sauti kituo cha polisi… "Inafutika ama haifutiki?" Akashusha miwani, akapunguza nguvu kwenye kompyuta, taratibu, mguu bado juu ya pedali. "Inafutika," akasema, na utulivu wa sauti yake ukamtisha mwenyewe.