Kifaru wa Miguu

Shukrani ikikaa kifuani muda mrefu huwa kama maziwa yaliyoachwa motoni: yatapanda tu, na yakipanda hayaombi ruhusa. Ya Kipyegon yalipanda siku binti yake, Cherop, alipovuka chumba kizima kwa miguu yake mwenyewe akaenda kumvuta paka mkia.

Mtoto huyo alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba babu yake, Mzee Nicodemus, aliwaambia watu wa Rhonda, mtaa wao kule Nakuru, kwamba alimleta nyumbani kutoka hospitali ndani ya kofia. Huo ulikuwa uongo. Nicodemus alistaafu kazi ya reli lakini hakustaafu uongo. Ndiye yule aliyewahi kumkatia tiketi twiga, na kifaru mmoja akapanda behewa lake la mizigo hadi Molo, akashuka bila kulipa. Ukweli ni kwamba aliyembeba Cherop ni nyanya yake, Akeyo. Alitoka Rhonda akaenda hadi Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, ambako Kipyegon na mkewe Mercyline hufanya kazi kwenye mashamba ya maua. Akamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, vile wauguzi walivyomwonyesha, akakaa naye hivyo hadi mtoto akapata mashavu.

Na hayo yote aliyafanya bila kutazamana na mkwe wake. Kwa Wajaluo wa kwao Akeyo, mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja, hawali wakionana, na hawabanani kwenye kiti. Kipyegon naye, ingawa ni Mkalenjin, alilelewa na nyanya aliyemfunza heshima hiyo hiyo. Kwa hivyo Akeyo alilala kwa jirani, Linah. Asubuhi akikohoa pale mlangoni, Kipyegon alitokea mlango wa jikoni, kikombe mkononi, chai ikimwagikia viatu. Wakitaka kuongea waliongea kupitia mtu. Wakikosa mtu, waliongea kupitia mtoto.

"Cherop, mwambie baba yako sufuria inavuja."

Na Cherop wakati huo hata shingo haijakaza.

Basi Kipyegon akampigia Nicodemus simu. "Baba, nataka kumshukuru Mama. Si kwa leso, leso anazo. Nataka tumpeleke aone wanyama. Kabiru wa kazini ataniachia gari lake la Noah Jumamosi. Sasa mchague nyinyi: mbuga yenu ya Nakuru, ama hii yetu ya Hell's Gate."

Nicodemus alikata simu akakuna kidevu. Aliona shida palepale. Rhonda wanakaa ubavuni mwa mbuga ya Nakuru. Kukitulia husikia simba wakinguruma kana kwamba wanadai kodi. Lakini humo ndani hushuki garini ovyo. Ukiingia umeingia, unakaa kwenye gari mchana kutwa, goti kwa goti, na hapo goti moja ni la mkwe. Hell's Gate ni kitu kingine. Watu wanatembea kwa miguu, wengine wanaendesha baiskeli, kati ya pundamilia na yale majabali mekundu. Akeyo angetangulia na mwavuli wake, mkwe akafuata mbali, umbali wa kuita, na swara wakapita katikati. Ni kama Mungu aliiumba mbuga ile akiwafikiria wakwe.

Ila haina kifaru. Na Akeyo hakutaka kitu kingine duniani ila kifaru.

"Nimeishi na kifaru wa mdomo tangu unioe," alikuwa akimwambia mumewe. "Nataka kumwona wa miguu."

Siku hiyo Nicodemus alimkuta nyuma ya nyumba akichambua mboga za osuga, akampa habari yote.

"Twende Hell's Gate," Akeyo akasema bila kuinua macho.

"Na kifaru?"

"Heshima ni heshima, Baba Mercy. Kifaru nitamwona mbinguni."

"Mbinguni hakuna vifaru."

"Kwani umefika?"

Nicodemus akacheka, kisha akamtazama. Mikono ya mkewe ilikuwa imesimama juu ya mboga, na macho yake yameenda kule juu ya mapaa ya mabati, kwenye miti ya mbuga. Alikuwa ameitazama miti ile maisha yake yote ya ndoa. Wageni walitoka ng'ambo kuja kuona kilicho nyuma yake. Yeye alikuwa amefika hadi kwenye ua tu. Mwanamke aliyemfufua mtoto kwa joto la kifua chake, leo anapewa asante, na bado anachagua kipande kidogo.

Hapo ndipo Nicodemus alipogundua jambo ambalo mwongo yeyote mwenye kipaji angelishukuru: uongo hustawi mahali ambapo watu wawili hawaongei.

Akampigia Kipyegon. "Mama amechagua Nakuru. Amesema usipompeleka Nakuru basi usijisumbue."

"Nakuru? Ndani ya gari moja, Baba?" Sauti ya Kipyegon ilikuwa ya mtu aliyeambiwa akaoge sokoni.

"Amesema."

"Kama ni Mama amesema, sawa."

Kisha akamrudia Akeyo. "Mkwe wako ameamua Nakuru. Nimemkataza mpaka nimechoka. Ukikataa utamvunja moyo kijana wa watu."

Akeyo akaweka mboga chini. "Kama ni yeye ameamua," akasema, "nani mimi?" Akarudi kwenye mboga, lakini vidole sasa vilikuwa vinakimbia.

Jumamosi, kabla gari halijawashwa, Nicodemus alitoboa leso moja ya Akeyo kwenye pembe, akaifunga kwa kamba ya kuanikia nguo kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Ikawa pazia. Akeyo akaketi kiti cha mwisho kabisa, Mercyline akaketi mbele yake na Cherop mapajani. Upande wa pili wa leso, Kipyegon alishika usukani, Nicodemus kando yake, huku maandishi yakimning'inia karibu na sikio: SHUKRANI YA PUNDA NI MATEKE.

"Baba, hakukuwa na leso nyingine?" akanong'ona.

"Hiyo ndiyo nzito. Endesha."

Kipyegon akakigeuza kile kioo cha ndani kikatazama paa, asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya.

Mbuga iliwakarimu. Nyati walikuwa wamelala kama matope yenye pembe. Twiga alikuja hadi ubavuni, akawachungulia, Nicodemus akasema, "Huyu ndiye yule wa tiketi," na Mercyline akamwambia, "Baba, wacha!" Kando ya ziwa, miti iliyokufa maji yalipopanda ilisimama majini, kila tawi na ndege wake. Akeyo alitazama kila kitu kupitia dirisha la ubavuni na kila mara sauti yake ilipita juu ya leso: "Baba Mercy, mwambie mkwe wangu nimeona." Na jibu lilirudi: "Baba, mwambie Mama karibu."

Lakini kifaru hakuonekana. Walizunguka hadi jua likaanza kuegemea. Nicodemus alihisi ule uongo wake ukimwota tumboni kama mbegu ya ukwaju. Amewabananisha wakwe siku nzima, na kwa nini? Kwa nyati, ambao hata Naivasha wapo.

Ndipo Kipyegon akakanyaga breki taratibu.

"Baba," akasema chini kwa chini. "Mbele."

Kifaru alikuwa amesimama katikati ya barabara, mpana kama duka. Mgongoni ndege wawili wadogo walikuwa wakizozana. Kulia kulikuwa na maji ya ziwa hadi ukingoni mwa barabara, kushoto miiba mitupu. Nicodemus alifungua mdomo wake, ule mdomo uliowapandisha vifaru wengine behewani, na hakukutoka neno.

"Mbona mmenyamaza?" Akeyo akauliza.

"Kifaru, Mama," Mercyline akasema, akimkumbatia mtoto. "Ati yuko mbele."

Akeyo akasogea dirisha la kulia, akaona maji. Akasogea la kushoto, akaona miiba. Mbele yake kulikuwa na leso. Mercyline akanyoosha mkono aishushe, na Akeyo akamshika kifundo cha mkono.

"Wacha."

"Mama, ni dakika moja tu."

"Mumeo amenistahi tangu alipokuoa. Nimvue hiyo heshima leo, siku anayonishukuru?" Akaketi vizuri, akakunja mikono. "Huyo kifaru namsikia akipumua. Inatosha."

Haikutosha. Kila mtu ndani ya ile Noah alijua haikutosha, na aliyejua zaidi ni Nicodemus.

Kipyegon alirudi nyuma hadi mahali barabara ilipokuwa na upana kidogo, akaligeuza gari, mbele, nyuma, mbele, nyuma, hadi likampa kifaru mgongo. Kisha akavikunja na vile vioo vya pembeni, maana Akeyo alikuwa na mazoea ya kutoa kichwa dirishani.

"Baba, mwambie Mama ageukie kioo cha nyuma. Nitamrudisha hadi karibu. Siwezi kuangalia, kwa hivyo wewe ndiwe macho yangu." Akameza mate. "Lakini Baba, tafadhali. Leo usiongeze chumvi."

"Hata chembe," akasema Nicodemus, na jasho likamtoka.

Akapiga magoti kati ya viti vya mbele, akapenyeza kichwa chini ya leso. Kichwa kikawa upande wa mkewe, miguu upande wa mkwe, kama mtu aliyelala kwenye mpaka wa nchi mbili. Maisha yake yote alikuwa ameongeza hapa na kupunguza pale, na hakuna aliyewahi kuumia. Sasa akisema "bado" mahali pa "tosha," watano wataingia chini ya pembe.

"Rudi," akasema. "Rudi. Kulia kidogo. Kulia kwako, si kwangu! Hapo. Polepole. Ametuangalia..."

Gari likasita.

"...ameacha. Anakula. Rudi kidogo tu. Kidogo. Basi! Hapo hapo. Zima."

Kipyegon akazima gari. Walikuwa mbali na kifaru kama urefu wa kanisa, na katika ule ukimya walisikia majani yakikatika mdomoni mwake, kwach, kwach, kama mtu anayerarua shuka kuukuu. Kipyegon alikaa wima, macho mbele, akiitazama barabara tupu isiyo na chochote.

Akeyo aliweka kiganja kwenye kioo. Alitazama zile kunyanzi za shingo, yale macho madogo yasiyo na haraka. Alitazama sana.

"Kumbe ana nywele masikioni," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Baba Mercy, miaka yote hiyo hukuniambia ana nywele masikioni."

Nicodemus akatazama. Ni kweli, masikio yalikuwa na vishungi vya nywele, laini kama vya mtoto. Katika vifaru wote aliowahi kuwaunda, hakuwahi kufikiria jambo zuri namna hiyo.

"Sikujua," akasema.

"Erokamano, Nyasaye," Akeyo akamshukuru Mungu kwa lugha ya kwao, na machozi yakamshuka bila aibu. Kifaru akamaliza lake, akageuka, akaingia miibani kana kwamba ni mlango wa pazia. Ndipo Akeyo akajifuta. "Baba Mercy, mwambie mkwe wangu asante. Na asante zaidi kwa kuchagua Nakuru. Mimi nilikuwa nimesema Hell's Gate."

Upande wa pili wa leso, Kipyegon akaachia usukani.

"Baba," Kipyegon akasema polepole, "mwambie Mama si mimi niliyechagua. Niliambiwa ni yeye."

Nicodemus alikuwa bado amepiga magoti, kichwa huku, miguu kule. Akawaza kurudisha kichwa, akaona ataukuta uso wa mkwe. Akawaza kubaki, na huko mbele yake kulikuwa na uso wa Akeyo.

Akeyo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi kiti kikalia, Mercyline akadakia, Cherop akapiga makofi bila kujua sababu, na mbele mabega ya Kipyegon yakawa yanatikisika kwa heshima. Kisha Akeyo akasogea hadi kando ya Mercyline, na mkono wake ukapita chini ya leso, juu ya mgongo wa mumewe, ukiwa na karanga zilizofungwa kwenye karatasi.

"Cherop, mwambie baba yako ale. Amechoka."

Kipyegon akazipokea kwa mikono miwili, bila kugeuka.

Jumatatu Nicodemus aliisimulia habari hiyo kwenye kinyozi cha Ngigi, yote, bila kuongeza kitu. Ngigi alizima mashine ili acheke vizuri.

"Mzee Niko, hapo sasa umepitisha. Yule wa behewa tulikubali. Lakini mtu arudi kinyumenyume hadi kwa kifaru, vioo amevikunja, eti mama mkwe asionekane? Na wewe ndiwe unamwongoza? Wewe?"

"Ni ukweli mtupu!"

Kinyozi kizima kikaangua kicheko. Mteja wa kwenye kiti, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, alijipiga paja.

Akeyo alikuwa akipita na kikapu kutoka sokoni. Kwa kawaida akipita hapo huwa anasema neno moja tu, "Mwongo," kisha anaendelea na safari yake. Leo alisimama mlangoni, akamtazama mumewe aliyekaa pale ameloa jasho kwa ajili ya ukweli.

"Ni kweli," akasema. "Na ana nywele masikioni."

Ngigi akasahau kuwasha mashine. Nicodemus akasimama, akampokea kikapu, wakaenda nyumbani.