Moto wa Kaka, Petroli ya Mdogo

“Wanafamilia wote mnatangaziwa kwamba, kuanzia leo, katika gari la marehemu baba, mambo ya moto yatashughulikiwa na kaka mkubwa, na ya petroli na mdogo wake. Mwenye dukuduku alilete kwa maandishi.”

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa banda la gari. Aliyelisoma ni mama yao peke yake, naye hakuwa na dukuduku bali haja: kumwona dada yake mgonjwa angali anatambua watu.

Gari lilikuwa la umri wa mdogo mtu. Likiwashwa liliwaka vizuri, lilikwenda mwendo wa kutosha kumpa mtu matumaini, kisha lilizima. Likipumzishwa liliwaka tena, kana kwamba halikukosea lolote. Kaka, fundi umeme wa magari, alibadilisha plagi, kisha koili. Mdogo alisafisha kabureta na kupuliza mirija. Safari ikaahirishwa mara mbili.

Siku walipoondoka, lilizima njiani.

“Koili hii nayo imepata joto,” alisema kaka.

“Kaka, kwako kila ugonjwa ni umeme. Hata mafua ungeyapima kwa taa.”

“Na wewe ungeyapulizia mrija.”

“Wanangu,” alisema mama kutoka kiti cha nyuma, “mafahali mmeshapigana. Nyasi ni mimi hapa.”

Mdogo akachukua dumu la akiba, akaenda kuongeza petroli. Alipofungua kifuniko cha tangi, hewa iliingia kwa mluzi mrefu, naye akaelewa. Petroli ilipotoka, hewa haikupata njia ya kuingia mahali pake, hata mwishowe petroli ikagoma kutoka. Kifuniko cha zamani kilikuwa na tundu. Kipya, alichokinunua mwenyewe na kukisifu kwamba hakivujishi hata harufu, hakikuwa nalo. Wala hakikuwa moto, wala hakikuwa petroli; hakuna aliyekitazama.

Alikilegeza. Gari likaenda bila kukohoa hadi kwa mama mkubwa, ambako walikuta viti vimeshatolewa nje na watu wakizungumza kwa sauti ya chini. Mdogo alitamani alaumiwe. Mama alishuka taratibu.

“Sasa mnaweza kulizima,” alisema.

Baada ya mazishi, kikao cha ukoo kiliketi. Mjadala ulipokwisha, mjomba, kwa mamlaka ya mwenyekiti, alitangaza uamuzi: kifuniko cha tangi kitobolewe, na kuanzia sasa kiwe chini ya uangalizi wa ndugu wote wawili kwa pamoja.