Jiwe la Mama Ndaki

Mtaa wa Mihama umetulia. Watu wa Kahama wakitaka kuusifu husema hivyo tu, "kule kumetulia," kisha wanameza mate ya kutamani kiwanja. Uko nyuma kidogo ya Nyasubi, mahali ambapo kelele za soko na za pikipiki hufika zikiwa zimeshachoka. Kuta ndefu, mabati ya rangi, maua yanamwagika juu ya ukuta kama vile nayo yanatafuta mtu wa kuongea naye. Mtu akiamua kuutukana mtaa huo, neno ni lilelile, umetulia.

Asteria aliletwa huko kutoka Ushirombo miaka miwili iliyopita na Blessing, bintiye wa pekee, anayefanya kazi kwenye kampuni moja inayopeleka vifaa migodini. Shamba la Ushirombo, pamoja na nyumba ya vyumba vitatu na mihogo iliyokuwa bado ardhini, liliuzwa ili nyumba ya huku ipate paa. "Sasa upumzike, mama," Blessing alimwambia. Asteria akapumzika. Alipumzika Jumatatu, akapumzika Jumanne, wiki ya tatu mapumziko yakawa kazi nzito kuliko jembe, akajifunga khanga akatoka kwenda kuujua mtaa.

Aliujua kwa mageti, maana watu hakuwaona. Geti la bluu lina mbwa anayebweka hata ukipita kimyakimya upande wa pili. Geti jeusi lina simba wawili wa saruji, mmoja amekatika sikio, na mwenyewe inasemekana ananunua dhahabu kwa wachimbaji. Geti la kijani lina kidude ukutani kinachoongea. Asteria alipogonga, kidude kikauliza, "Nani?"

"Jirani."

"Jirani wa nani?"

Akakitazama kile kidude. Kwao hakuna aliyewahi kuulizwa swali la namna hiyo. Mwishowe akaondoka, na jioni Blessing akamwambia kwa upole wa mtu aliyechoka, "Mama, watu wa huku hawapendi kugongewa."

Ndiyo maana siku alipofika mwisho wa barabara akamkuta mwanamke mzee kakaa kwenye kigoda nje ya geti, anapepeta choroko, hakumsalimia. Alikuwa amekwisha kufundishwa. Mwanamke yule ndiye aliyeacha ungo akapaza sauti, "Mwangaluka! Au kwenu hamsalimii?"

Asteria nusura alie. Hakuwa Msukuma, alikuwa Msumbwa, lakini salamu ile aliijua toka utotoni kwa wanunuzi wa ng'ombe waliopita kwao. Akaitikia, akakaa chini kwenye vumbi na khanga yake nzuri, na hakuinuka mpaka adhana ya mchana.

Mwanamke huyo aliitwa Mbuke, mwenyeji wa Kishapu. Mtaa mzima ulimjua kama Mama Ndaki, ikiwa ulimjua hata kidogo. Ndaki ni mwanawe, yuko mgodini Geita, huja nyumbani kila baada ya wiki mbili kulala usingizi. Katika nyumba yake kubwa Mbuke aliishi na dada wa kazi tu, asiyeongea. Ikazaliwa desturi yao wawili. Kila asubuhi Mbuke aliweka jiwe kwenye mlango mdogo wa geti lake, usijifunge. Jiwe likiwepo, maana yake yupo na chai iko jikoni. Lisipokuwepo, kaenda kliniki ya presha, au Ndaki kamchukua. Asteria alilitafuta jiwe hilo kwa macho tangu kona ya simba. Akiliona, hatua zake zinakuwa za msichana.

Walichekana sana. Mbuke alishindwa kulitamka jina la Blessing, akawa anamwita mwenzake Mama Bulesingi, na Asteria akimsahihisha anazidisha. Walitafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, wakawasema watoto wao, wakawasamehe, kesho yake wakawasema tena.

Siku moja walisikia spika mtaa wa pili, wakaenda kuchungulia. Ulikuwa msiba. Turubai jeupe, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa, wapishi wa kukodi wenye aproni, na waombolezaji kila mmoja kainamia simu yake. Hakuna aliyelia. Mfiwa alipewa kipaza sauti akashukuru kamati.

Walirudi getini kwa Mbuke. Mbuke alipokaa kwenye kigoda chake akasema, "Kwetu mtu akifa, unamsikia mwanamke anatoka ng'ambo ya bonde, analia toka kwake. Hasubiri afike ndipo aanze. Anakuja nacho kilio njiani, anamtaja marehemu jina, anamtaja baba yake, anasema alimpa nini, alimkosea nini. Mpaka anafika uani, kijiji kizima kimejua nani kaondoka."

"Hata kwetu," Asteria alisema.

"Hawa watanikalia kwenye viti, Mama Bulesingi. Wewe uje na sauti. Uanzie getini kwako. Uniite Mbuke wa Mageni, kwa jina la baba yangu. Huku hakuna anayelijua jina hilo."

"Na nikitangulia mimi?"

"Nitakulilia Kisukuma, hutaelewa hata neno."

Walicheka mpaka choroko zikamwagika. Kisha Mbuke akamshika mkono, akaubana. "Niahidi." Asteria akaahidi, na hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Moyoni alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alikuwa ameshaanza kuogopa kwamba atafia mtaa huu bila mtu wa kumlilia, na sasa alikuwa na mmoja.

Ikaja Jumanne isiyo na jiwe. Kliniki, Asteria akajisemea. Jumatano hakuna jiwe. Akasogea akatega sikio getini. Kimya. Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mtu wa kwao hasa. Amekulia mahali ambapo kifo hujulikana kwa masikio. Hakusikia kilio, hakuona kuni, hakuona wanaume wamekaa nje kwenye magogo, basi hakuna aliyekufa. Mbuke kaenda Geita kwa mwanawe, na dada wa kazi kamchukua, tena kaenda bila kuaga. Akakasirika kidogo. Akatundika mfuko wa michembe kwenye komeo la geti, akirudi ajue kwamba kuna mtu alifika. Ijumaa mfuko ulikuwa palepale, umejaa sisimizi.

Jumamosi asubuhi, mezani, Blessing alikuwa anakunywa chai huku anasogeza kidole kwenye simu. Asteria akasema, "Huyu Mama Ndaki akirudi atanikoma. Geita yote hiyo bila hata kuniaga?"

Kidole cha Blessing kikasimama.

"Mama... nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Alifariki Jumatatu usiku. Presha. Alifia hospitali, Jumatano wakamsafirisha Kishapu. Walimzika juzi."

Asteria aliweka kikombe chini taratibu, kama vile kingelia. "Nani alikuambia?"

"Lilitumwa kwenye grupu la mtaa. Wasapu." Akamgeuzia simu. Ilikuwa picha ya Mbuke na kitambaa cha kanisani, kakunja uso kwa mpiga picha. Chini yake mikono midogo ya njano iliyofumbatwa kusali, mistari na mistari. Asteria hakuweza kusoma bila miwani. Blessing akamsomea. Poleni sana. Poleni sana familia. Poleni sana.

"Na wewe?"

"Na mimi niliandika."

"Uliandika nini?"

"Poleni sana."

"Jumatatu?"

"Jumanne asubuhi."

"Jumatano ukaniona natoka na michembe."

Blessing akafunika simu. "Mama, ungesema twende Kishapu. Wiki yote nilikuwa na wakaguzi kazini. Nawe ukishaanza kulia..."

"Ulisema ulidhani najua."

Binti akatazama chai yake. Asteria alimtazama mtoto aliyemzaa kwa taabu akaona aibu, lakini haikuwa aibu ya Blessing. Aliona aibu yeye, kwa kuwa alikuwa amemlea. Akajua kilio cha Mbuke kimekaa siku tano kinasubiri.

Akainuka, akajifunga khanga ya pili kiunoni, akavua ndala. Ilikuwa saa nne, jua limeshika, saa ambayo mtaa huosha magari. Alianzia getini kwake kama alivyoahidi.

"Mbuke weee! Mbuke wa Mageni! Mbuke wa Kishapu! Umeondoka nikakukasirikia! Uliniita nikae chini nikakaa, ulinipa chai nikanywa, nani ataniwekea jiwe, Mbuke weee!"

Sauti ilitoka nzima, sauti ya Ushirombo, ya kuvuka mabonde. Na mtaa wa Mihama, ambao kwa miaka miwili haukumfungulia mlango, ukafunguka. Mwenye simba alitoka, kumbe ni kijibwana kifupi, kashika mpira wa maji. Wa geti la bluu akatoka amemshika mbwa. Kidude cha geti la kijani kumbe kilikuwa mwanamke mwembamba mwenye vibanio nywelini, anaitwa Rebeka. Kijana mmoja aliinua simu, akaanza kurekodi. Asteria aliwaona wote kupitia machozi, akapita katikati yao akimlilia mwenzake, akafika geti la Mama Ndaki akapiga magoti.

Rebeka akamfuata mbiombio. "Jamani, mama, kuna nini? Nani kafa?"

"Mama Ndaki."

"Mama Ndaki?" Rebeka akapumua, akawageukia wengine. "Jamani, ni yule wa Jumatatu. Si tulishatoa pole?"

Wakapumua wote. Blessing akafika anakimbia na malapa, simu mkononi. Hakupiga magoti. Alisimama kati ya mama yake na majirani, na akacheka kicheko kidogo kile cha ofisini.

"Tusameheane, majirani. Mama yangu siku hizi hayuko sawa. Umri." Akagusa kichwa chake kwa kidole.

"Aaa! Pole, dada. Pole sana."

Walikuwa na huruma, si kwamba hawakuwa nayo. Wakarudi ndani mmoja mmoja, na mageti yakafungwa kwa zamu, la bluu, la simba, la kijani. Asteria alikuwa amesikia neno kwa neno. Kilio kikamkatikia katikati, kabla hajafika kwenye alichomkosea, sehemu ambayo Mbuke aliisubiri. Aliwaza kurudi Ushirombo leo hii hii, kisha akakumbuka kwamba Ushirombo analima mtu mwingine. Kando ya geti, kwenye majani, aliliona jiwe. Akaliokota, akarudi nalo nyumbani mkononi, Blessing akimfuata nyuma bila kumgusa.

Mchana walikaa sebuleni. Jiwe lilikuwa mapajani mwa Asteria. Simu ya Blessing ilikuwa inatetemeka mezani, inatulia, inatetemeka tena.

"Wanaandika nini?"

"Ni grupu tu, mama. Wananipa pole."

"Ya Mbuke?"

Blessing akaigeuza simu kifudifudi. "Yako. Kwa kukuuguza."

"Wengi?"

"Karibu wote."

"Na ile mikono ya kusali, wameweka?"

"Wameweka."

"Umewajibu?"

"Nimewashukuru."

Asteria aligeuza jiwe, akalifuta vumbi kwa pindo la khanga. Hakuwa amekasirika tena, na hilo ndilo lililomtisha Blessing.

"Basi vizuri," akasema. "Siku nikifa usiwasumbue. Walishatoa pole."