Shati la Cornel

Asubuhi tatu mfululizo nilikuta matuta yangu ya mchicha yamefukuliwa, miche imelala mizizi juu. Kwa hasira nikachimba shimo pembeni ya bustani, nikalifunika kwa mabua. Nikaapa kwamba mnyama atakayetumbukia humo nitamtwanga kwa mchi.

Aliyetumbukia alikuwa kakakuona. Nilimtoa nimemviringisha kwenye shati kuukuu la mume wangu, Cornel, ambaye alipopunguzwa kazini alikwenda kuchimba madini Mererani.

Mama mkwe akaninyang'anya mchi. "Mama Gladness, huyu hapigwi! Huyu anaulizwa mwaka."

Ndiyo desturi yetu hapa Kibakwe. Kakakuona huwekewa vitu mbele yake, na atakachokiendea ndicho kitakachotufika.

Majirani wakajaa uani. Wakaweka maji, yaani mvua. Mtama, yaani mavuno. Na mshale, yaani vita. Nikamfungua, shati nikalitupa kando.

"Haya, sema upesi," nikamwambia. "Mchicha wangu umeshauharibu."

Watu wakacheka.

Akayapita maji. Akaupita mtama. Alipoupita na mshale, kicheko kikakoma. Akatambaa hadi kwenye shati, akapanda juu yake, akajikunja na kutulia.

Hakuna aliyenitazama usoni. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga.

Mama mkwe peke yake alibaki. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Barua yake ya mwisho ilikuja lini?"