Mstari wa Vipande

...na bado mstari unatoka mzima, hauna nafasi hata moja, wakati nimeuambia uwe wa vipande, kipande, nafasi, kipande, nafasi, kama mishono ya bandi aliyokuwa akipiga Mama enzi zake za cherehani, na ule wa nukta nao umetoka mzima, jamani, mitindo mipya ya mistari nimeahidi kuiweka leo kwenye maktaba yetu, si ya vitabu, ni programu wanayoazima wengine kuchorea grafu zao, wanazichapisha bila rangi, mistari yote inafanana, wanalalamika, na wana haki, na mimi hapa meza ya jikoni kichwa kinaniwanga, na Mama mbele yangu anakunja kitambaa kile kile, anakikunjua, anakikunja, sasa hivi atauliza, najua atauliza... "Baba yako ameshakula?"... najifanya sijasikia, maana asubuhi nilimjibu, nikamwambia Mama, Baba alifariki, tulimzika, na wewe ulikuwepo, akashika mdomo, akalia kama ndiyo kwanza anapata habari, akalia mpaka akasahau analilia nini, akaniuliza nani kaniudhi, mbona macho yangu mekundu, na jana vivyo hivyo, na juzi, namtonesha kidonda ambacho yeye hajui kama anacho, na kaka huko aliko anasema kwenye simu usimzoeshe uongo, mwambie ukweli, atazoea, atazoea nini, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, aje yeye amfute machozi, mimi nimechoka, nimechoka kuwa mleta msiba ndani ya nyumba hii... ngoja, ngoja kwanza, hizi data pointi, vituo mstari unavyopitia, zimebanana, na programu yangu ikigusa kila pointi inaanza kuhesabu kipande upya, hakijaisha, imeshagusa pointi nyingine, inaanza tena mwanzo, haifiki kwenye nafasi milele, ndiyo maana mstari hauna pa kupumulia, mjinga mimi, kosa la mwanafunzi hili, inatakiwa ivuke pointi na kile kilichobaki, iendelee pale ilipoishia, basi, isianze upya, nani kasema lazima ianze upya kila inapoguswa... kila anapouliza mimi naanza mwanzo, alifariki, tulimzika, ulikuwepo, simpi nafasi hata ya kuvuta pumzi, naita ukweli... haya, andika, badilisha hapa, na hapa, chora... vipande hivyo, na weupe katikati, na bado ni mstari mmoja, unatoka huku unafika kule, hakuna atakayeutazama akasema umekatika, na ningefurahi kama ningekuwa na nguvu za kufurahi, kitambaa kimekunjwa, kimekunjuliwa, Mama ameinua uso, mtulivu, mwenye hamu ya jibu tu, kama kila siku.

"Baba yako ameshakula?"

"Ameshakula, Mama."

"Akamaliza?"

"Amemaliza."

"Haya. Na wewe ule, usijisahau kama yeye"... na anarudi kwenye kitambaa chake, pembe kwa pembe, hana habari kwamba nimesema jambo, na kaka akipiga nitamwambia, agombe atakavyo, nitamwambia nimechoka kumuua mzee kila siku, leo amekula, amemaliza, na nashika mdomo kama anavyoshika Mama, maana sasa zamu ya kulia ni yangu.