Januari Mosi ya Kila Asubuhi

Kompyuta ililia mara mbili, kisha ikanyamaza. Mzee Bonyeza hakuharakisha. Aliegemeza fagio ukutani, akapangusa kidole kwenye suruali, akainamia kibodi ya Mkurugenzi. Herufi nyeupe zilikuwa zimesimama kwenye kioo cheusi kama watu waliopanga foleni mbele ya dirisha lililofungwa. Hakuweza kuzisoma, zilikuwa za Kiingereza, na yeye shule aliiacha darasa la nne. Ila alijua zinalalamikia nini. Ndani ya mashine mlikuwa na betri moja bapa, upana wake kama kifungo cha koti, na betri hiyo ilikufa miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo, kila umeme ulipozimwa, na ofisini ulizimwa kila jioni, mashine ilisahau leo ni lini.

Akabonyeza kitufe cha pili cha safu ya juu. Ukurasa wa buluu ukafunguka, tarehe ikiwa pale pale ilipo siku zote: Januari mosi ya mwaka mashine ilipotengenezwa, miaka kumi na miwili nyuma.

Huwa anaiacha hapo kidogo. Januari ile mke wake alikuwa hai, tena anamfokea kwa kutupa taulo bichi kitandani. Kisha akatazama saa yake ya mkononi, akaandika tarehe ya leo, akahifadhi. Mashine ikaamka.

"Mzee Bonyeza!" Dada wa Mapokezi alichungulia mlangoni. "Leo bonyeza vizuri, isije ikawa ya mwisho."

"Cheka tu, binti. Nimezoea kuchekwa na watu wasiojua kuwasha hata jiko."

Dada hakucheka. "Nilikuwa natania, baba. Mtaalamu ameshafika. Kikao ni saa nne."

Alijua. Orodha ya watu wa kupewa viwanja ilikuwa imechezewa. Fundi cherehani mmoja, mama aliyengoja kiwanja miaka tisa, alisoma orodha mpya ubaoni akakuta jina lake limeyeyuka, na mahali pake pana jina ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwenye foleni. Mama yule alikuwa na nakala ya orodha ya zamani, ameikunja ndani ya leso. Akaifungua mbele za watu. Ndipo wakubwa wakaanza kutafuta mkosaji, na wakubwa wakitafuta mkosaji hutazama chini. Walimwona mshika fagio. Akitiwa hatiani, kazi hana, na huenda akalala mahabusu katika umri ambao wenzake wanalea wajukuu.

Betri aliiomba mara saba. Aliambiwa iandikwe barua. Barua ikaandikwa, mpokeaji akahamishwa, aliyekuja akataka barua nyingine. Lakini kiti cha Mkurugenzi kilibadilishwa mara mbili katika muda huohuo. Matako ya mkubwa hayangoji barua.

Wala si kwamba aliwahi kazini alfajiri kwa mapenzi na ofisi. Mke wake alikuwa na kisukari. Siku ile ya mwisho alimpeleka zahanati jasho likimtoka, mikono inatetemeka, na kijana wa dirishani akasema, "Subirini, mashine haijaamka. Bila mashine siwezi kufungua faili." Wakasubiri kwenye benchi. Mashine ilipoamka, mke wake alikuwa ameshalala, na hakuamka yeye. Mganga mkuu alisema ni bahati mbaya. Tangu hapo Mzee Bonyeza aliapa kimoyomoyo kwamba mtu akifika kwenye ofisi anayofagia yeye, hataambiwa mashine haijaamka.

*

Mtaalamu aliyetumwa kutoka makao makuu alikuwa mwanamke kijana, miwani imeshuka puani, begi la bisibisi begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Waliketi ofisini kwa Mkurugenzi: yeye Mkurugenzi, Naibu wake, mtaalamu, na Dada wa Mapokezi anayeandika. Mzee Bonyeza alisimama. Hakuna aliyemwambia aketi.

"Mambo yako wazi," Mkurugenzi alianza. "Mimi mashine yangu ina neno la siri. Lakini ule ukurasa wa buluu hauna kufuli. Mtu akiingia hapo anaweza kuwasha mashine kwa flashi, akaliruka neno langu la siri. Si ndivyo?"

"Ndivyo," alisema mtaalamu. "Huo ni mlango wa nyuma ulioachwa wazi."

"Na nani anaingia humo kila siku? Halafu tazama, faili linaonyesha orodha imebadilishwa Januari mosi, miaka kumi na miwili nyuma! Nani ofisi hii anajua kuchezea tarehe? Amerudisha siku nyuma ili tusijue aliingia lini. Mzee huyu tunamwona mjinga, kumbe ametuzidi."

Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu Mkurugenzi alikuwa amemsifu.

"Baba, unasemaje?" aliuliza mtaalamu.

"Mwanangu, mimi kama ningetaka kuficha, ningeweka tarehe ya juzi. Nani angeuliza? Januari mosi haiwekwi na mtu. Hiyo ni ya mashine yenyewe."

Mtaalamu akazima umeme ukutani, akahesabu hadi kumi, akauwasha.

"Iwashe kama unavyoiwasha siku zote."

Ikalia mara mbili. Kidole cha mzee kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha pili. Ukurasa wa buluu. Saa ya mkononi. Tarehe, saa, dakika. Akahifadhi, akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. Mtaalamu alizima tena.

"Sasa wewe, mheshimiwa. Siku ambayo mzee hayupo, unaiwashaje?"

"Kwani ni kazi ya kusomea hiyo?" Mkurugenzi alivuta kiti. Mashine ikalia, herufi nyeupe zikajitokeza, naye akabonyeza kitufe cha tatu bila kusoma. "Hapo unabonyeza hiki, inaendelea. Naweka neno langu la siri, basi. Jumamosi huwa nafanya hivi hivi, wala simsumbui mtu."

"Unabonyeza tu?"

"Nabonyeza tu."

"Na tarehe?"

"Tarehe gani? Tarehe anaweka nani? Si inajiweka?"

Kalamu ya Dada wa Mapokezi ilisimama. Pembeni ya kioo, chini kulia, palikuwa pameandikwa Januari mosi, miaka kumi na miwili nyuma. Naibu aliinama kusoma, kisha akaanza kutazama viatu vyake kama vya kuazima.

"Inawekwa na huyu," mtaalamu alisema taratibu, akimwelekea mzee. "Kila siku. Jumamosi hakuna wa kuiweka."

Njia ya mwongo ni fupi, ila Mkurugenzi aliijenga mwenyewe kwa matofali yake, akaitembea mbele ya mashahidi. Hata hivyo mkubwa ni mkubwa. Iliamuliwa apewe siku kumi na nne za kujieleza kwa maandishi. Mzee Bonyeza alijua kabisa kwamba ingekuwa yeye, angejieleza kwa askari, tena kwa mdomo. Jina la fundi cherehani likarudishwa kwa kalamu nyekundu.

"Nataka niufunge ule ukurasa," mtaalamu alimwambia baadaye, wawili wakiwa wamebaki. "Lakini kufuli lenyewe linashikwa na betri ileile. Betri ikiwa mfu, umeme ukizimwa kufuli linafunguka. Mtu anaweza kurudia Jumamosi yoyote. Naibu anasema niandike barua."

"Ya nane," alisema mzee.

"Mimi naondoka kesho mchana, baba."

*

Nyumbani alifungua droo ya kabati. Chini ya kanga zilizokunjwa kilikuwa kipimo cha sukari cha marehemu. Betri yake walikuwa wameibadilisha wiki moja kabla ya benchi la zahanati. Alikibonyeza. Namba ya mwisho ikatokea: 2.1, sukari iliyoshuka mno, ya siku ile ya benchi. Akazirudisha nyuma moja moja, asubuhi za mke wake, jioni zake, siku aliyokula vizuri wakacheka. Alipofika ya kwanza, alianza tena.

Asubuhi aliweka kipimo mezani mbele ya mtaalamu.

"Betri yake ni saizi ileile," alisema mtaalamu. Kisha akaona uso wake. "Cha nani?"

"Ukiitoa, namba zitakaa?"

"Huenda zikakaa, baba. Huenda zisikae. Siwezi kukudanganya."

Nje foleni ilikuwa imeanza kujipanga. Mzee Bonyeza aliingiza ukucha chini ya kifuniko, akakibandua mwenyewe.

Kesho yake alifika alfajiri kama kawaida. Aliegemeza fagio ukutani, akapangusa kidole kwenye suruali, akawasha. Mashine haikulia. Kioo kikawa cheusi, kisha kikajaa mwanga, na pembeni chini kulia ikakaa tarehe ya leo. Kidole chake kilibaki hewani juu ya kitufe cha pili, na mfukoni kipimo, chepesi kuliko jana. Korido ilianza kuingia watu. "Karibuni," alimsikia Dada wa Mapokezi akiwaambia, "mashine imeshaamka."