Skii Fupi za Mfagia Dohani

Huko Hinterlahn, milimani, mtoto huvalishwa skii, vile vibao vya kutelezea thelujini, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na mzee huzivua siku ya jeneza, tena kwa kuvutana na ndugu. Sasa katika kijiji cha namna hiyo mtu asiyejua kuteleza kwenye theluji afanye nini? Aombe Mungu ampe kazi ya kukaa ndani. Leonhard Krutzler hakupewa hata hiyo. Alikuwa mfagia dohani, mtoa masizi kwenye mabomba ya moshi ya nyumba za watu, na dohani zipo mpaka juu kabisa mlimani, kwenye vibanda vya wachunga ng'ombe, basi alikuwa akipanda na kushuka kwa lifti ya kamba, yeye na brashi zake, akiwapungia mkono wenyeji waliokuwa wakiteleza chini yake.

Kosa si lake. Alikotoka ni nchi tambarare ya mizabibu, ambako kilima kirefu kuliko vyote ni lundo la samadi. Alikuja Hinterlahn akiwa mwembamba, mtasema naongopa. Lakini watu wa kule wanaamini kwamba mfagia dohani akiingia nyumbani huleta bahati, na bahati haipokelewi mikono mitupu. Nyumba hii matonge ya mkate na nyama ya kukaushwa, nyumba ile maandazi ya kukaanga yenye kabichi chachu juu, nyumba ya tatu keki na kikombe kidogo cha pombe kali ya tunda la pea. Ukikataa, umewatakia mabaya. Leonhard hakumtakia mtu mabaya. Miaka tisa ya adabu hiyo ikamjaza mpaka dohani nyingine akawa anazifagia kwa nje tu.

Jambo moja alilijua vizuri, nalo ni kupiga tuba, lile tarumbeta kubwa linalomkumbatia mpigaji utadhani jirani aliyelewa. Bendi ya kijiji ilimpokea kwa mikono miwili. Lakini bendi hiyo ina shindano lake kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima. Wanabendi wote huteleza kutoka kibanda cha juu mpaka uwanja wa kiwanda cha jibini, kila mtu na chombo chake mkononi. Masharti ni mawili tu: uvuke kamba ya mwisho na skii zote mbili miguuni, halafu upige sauti moja. Asiyeweza kuteleza hushika kamba pamoja na padri. Kwa miaka tisa upande mmoja wa kamba alisimama padri, na upande wa pili Leonhard.

Hilo angelivumilia. Ila kulikuwa na Burgl.

Burgl alikuwa mjane, mpiga klarineti wa bendi hiyo hiyo, na mwenye duka la skii alilorithi kwa baba yake. Alikuwa na mikono yenye nguvu na kicheko cha kukutoa baridi mwilini, na Leonhard alimpenda vibaya sana, mapenzi ya kumfanya mtu mzima afagie dohani moja mara tatu kwa mwezi. Kijiji kizima kilijua. Katika sherehe ya kushusha ng'ombe kutoka malisho ya mlimani, Vinzenz, mtengeneza jibini na mpiga tarumbeta la kwanza, mtu ambaye mdomo wake hauna mlango, aliuliza mbele za watu:

"Burgl, huyu mfagia dohani utamchukua lini? Au unangoja apande bei?"

Burgl, kwa kutaka tu kumnyamazisha, akajibu, "Mimi siolewi na mwanamume anayeshuka mlimani kwa lifti."

Watu wakacheka. Leonhard akacheka pia, tena kwa sauti kuliko wote. Kisha akarudi nyumbani, akala soseji tatu bila kuzisikia ladha, akaapa kwamba msimu huo atashuka na tuba yake au atazikwa nayo.

Januari, siku ya Jumamosi, alikwenda dukani. Wapi pengine angekwenda? Duka ni moja. Alitaka Burgl asijue, na ni Burgl ndiye muuzaji, ndivyo mapenzi yanavyomgeuza mtu bwege. Dukani alimkuta Vinzenz amekalia benchi, skii zake mpya mapajani.

"Nataka skii za mwanagenzi," Leonhard akasema, akiitazama dari. "Za bei nafuu. Na zisiniue."

"Hayo mawili ya kwanza ninayo," Burgl akasema. "La tatu litategemea wewe. Za kufanyia nini?"

"Za shindano."

Vinzenz akapiga mluzi. Burgl akaweka kitambaa chake chini.

"Na tuba?"

"Na tuba."

Burgl akafikiri, na Leonhard akampenda zaidi kwa jinsi alivyofikiri bila kucheka. "Basi ndefu hazikufai. Ndefu zinataka fimbo mbili za kujisukumia, na wewe mikono yako imeshaolewa na tuba. Wewe unataka fupi." Akaenda nyuma, akarudi na jozi mbili za vibao ambavyo vikisimamishwa havikumpita mtu kiuno. "Hizi mtu hujifunza kwa siku chache. Zinageuka upesi, hazigongani huko nyuma, na fimbo hazihitaji."

Jozi ya kwanza ilikuwa nyekundu ya kung'aa, mpya. Leonhard akaishika mara moja, maana bei yake ilikuwa ya huruma.

"Hiyo chukua," Vinzenz akashauri. "Itaonekana vizuri hata ikiwa imesimama juu ya kaburi."

"Weka chini," Burgl akamwambia Leonhard. "Tazama vifungo vyake. Vimekazwa moja kwa moja kwenye ubao, haviachii. Ukianguka, ubao unakwenda huku, wewe unakwenda kule, na mguu wako unabaki katikati ukiuliza ufuate nani."

Leonhard akaiweka chini kwa heshima.

Jozi ya pili ilikuwa ya kijani iliyofifia, imeparuzwa ubavuni, imeshakodishwa na watalii msimu mzima. Lakini ilikuwa pana zaidi na ndefu kidogo, na mtu mzito, Burgl alisema bila kumtazama, hubebwa vizuri na ubao mpana. Tena vifungo vyake vilikuwa vya kweli, vyenye kuachia buti mtu anapoanguka. Kwa sababu ya ile mikwaruzo, bei ilizidi ile nyekundu kidogo tu. Ukutani kulikuwa na jozi ya tatu, nyeusi, nzuri ajabu, na Leonhard alipoinyooshea kidole Burgl akasema, "Hizo bei yake ni ya madaktari wa meno," basi mjadala ukaisha. Akamvalisha buti zilizotumika, za kubana. Leonhard alipoomba kubwa zaidi, akakatazwa: mguu ukicheza ndani ya buti, ubao hausikii amri.

"Kijani hizo hizo," Leonhard akasema.

"Haya. Sasa nivikaze vifungo." Burgl akachukua bisibisi. "Vikilegea sana vitakuacha njiani. Vikikazwa sana havitakuachia, utavunjika. Kipimo ni uzito. Una kilo ngapi?"

Hapa lazima niwaambie jambo la Hinterlahn. Dukani mle, tangu enzi za baba yake Burgl, hakuna mtu aliyewahi kutaja uzito wake wa kweli. Mbele ya majirani, nani athubutu? Vinzenz mwenyewe dakika chache kabla alikuwa ametamka "sabini na tano" huku benchi likilia chini yake. Burgl hakubishana naye. Baba yake alimfundisha: mwanamke ongeza nane, mwanamume ongeza kumi na tano, padri ongeza ishirini. Kwa hesabu hiyo kijiji kizima kiliteleza salama salimini juu ya uongo, na miguu ikapona. Wote walijua kwamba wote wanaongopa. Leonhard peke yake ndiye hakujua, kwa kuwa hajawahi kununua skii.

Alimtazama Burgl. Akafikiri, mwanamke huyu nataka nizeeke naye, nianze kwa kumdanganya? Uso umeumbwa na haya, ni kweli, lakini akajikaza kisabuni.

"Mia moja na kumi na mbili," akasema.

Skii mpya za Vinzenz zikamteleza mapajani, zikaanguka sakafuni. Burgl akapiga hesabu kichwani, mia na kumi na mbili ongeza kumi na tano, akazungusha skrubu, na uso wake ukaonyesha kumwonea huruma mtu yule kwa mzigo aliokuwa akiuficha.

Wiki zilizofuata Leonhard alijifunza peke yake nyuma ya kanisa, kwenye mteremko ambao watoto wa chekechea waliuona wa kitoto. Alijifunza kwenda. Kugeuka alijifunza kushoto tu. Kusimama hakujifunza.

Jumapili ya shindano jua liliwaka na kijiji chote kikajipanga uwanjani kwa Vinzenz. Kamba mwaka huo ilishikwa na padri na nguzo. Leonhard alipanda kwa lifti mara ya mwisho, kama alivyojiambia, akasimama juu na tuba kifuani, akatazama chini. Chini kulikuwa mbali. Akajisukuma hata hivyo.

Mwanzo alikwenda vizuri, na alipogeuka kushoto watu walishangilia. Akageuka tena kushoto, akawa anaelekea alikotoka. Alipojaribu kulia, miguu ilikubali lakini tuba ilikataa. Akaanguka kwa ubavu, akainuliwa na mwendo wake mwenyewe, akaanguka kwa upande wa pili, halafu akakaa kitako na kuteremka hivyo hivyo, miguu juu, vile vibao vya kijani vikipunga hewani. Alipinduka mara nyingi mno. Kila alipopinduka watu walingoja waone skii zikiruka, maana ndivyo inavyokuwa, mtu akianguka vifungo huachia, na skii zikitoka ndiyo basi, umeshindwa. Skii hazikutoka. Mpiga ngoma alianguka akapoteza zake. Mpiga filimbi vilevile. Hata Vinzenz, kwa kumcheka Leonhard, aligonga rundo la theluji na kufika kwa soksi, kwani buti moja nayo iliaga. Leonhard alivuka kamba kwa tumbo, akamwangusha padri na nguzo, akasimama dhidi ya mlango wa kiwanda. Ubao wa kulia mguuni, wa kushoto mguuni. Akatafuta mdomo wa tuba, akapuliza. Theluji ikatoka kwanza, kisha sauti moja ya chini, ndefu, ya mtu aliyekoma.

Burgl alifika kabla ya wote. Hakucheka. Alipiga magoti akabinya kifungo cha nyuma, kikagoma. Akabinya kwa mikono yote miwili.

"Ulivyoanguka vile," akasema taratibu, "vilipaswa kukuachia mara ya kwanza kabisa. Leonhard, ulinitajia kilo zako za kweli?"

"Uliniuliza za nani?"

"Nilikuongezea kumi na tano. Kila mtu namwongezea. Ningekuvunja miguu yote miwili." Macho yakamjaa maji. "Mbona hukudanganya kama binadamu wengine?"

"Kwani mtu humdanganya kilo mwanamke anayetaka kumwoa?" Leonhard akajibu, kisha akasikia alichosema.

Uwanja mzima nao ulikuwa umesikia. Leonhard alitamani tuba immeze.

Vinzenz, na soksi yake imelowa, ndiye aliyewahi. "Usimwamini. Huyo ana mia na ishirini na saba kama mimi ni mtengeneza jibini. Hakuna mwanamume wa Hinterlahn aliyewahi kusema kweli dukani kwako."

"Lete mizani," Burgl akasema.

Wakaburuta nje mizani kubwa ya jibini, ile ya sahani ya chuma. Leonhard aliyevuliwa skii, buti na tuba akapanda. Mshale ukatikisika, ukatulia. Mia moja na kumi na mbili na nusu.

"Nusu ni theluji," Leonhard akasema. "Iko ndani ya suruali."

Hapo watu walicheka mpaka farasi wa padri waliofungwa kando ya uwanja wakashtuka, lakini Burgl alikuwa akiutazama ule mshale tu, na alionekana mtu aliyeletewa kitu ambacho ameacha kukitafuta siku nyingi. Akafuta macho kwa mgongo wa glavu.

"Nilisema siolewi na mtu anayeshuka kwa lifti," akasema. "Wewe hukushuka kwa lifti. Sijui umeshuka kwa nini, ila si lifti."

Kisha yeye, ambaye kwa miaka yote hakuna aliyejua kilo zake, akapanda mizani, akasimama kando ya Leonhard, akamshika mkono. Mshale ukaruka. Mia moja na tisini na tatu.

Ndipo Vinzenz alipoinua vidole. "Mia na tisini na tatu," akaanza, "toa mia na kumi na mbili na nusu..." Na nyuma yake midomo ya kijiji kizima ikaanza kutikisika.

"Vinzenz," Burgl akasema kwa upole, "ukiimaliza hesabu hiyo, mwaka ujao nakukazia skii zako kwa kilo ulizonitajia mwenyewe."

Vinzenz akavaa glavu. Wengine nao wakaona ni baridi, wakavaa zao. Burgl hakushuka kwenye mizani.